Shingo ya Mkwe

Watu wa hapa Mocímboa wakitaka kumcheka mume wangu hawamtaji jina. Wanasema "yule aliyeachia". Nikipita sokoni nasikia, na wao wanajua kwamba nasikia. Mwanzoni nilikuwa nawarudishia, maana ulimi ninao na sioni haya kulisema hilo. Sasa nimechoka. Lakini kila mtu ameshaieleza habari hii anavyotaka yeye, hata wale ambao siku ile hawakukanyaga ghalani, na mimi mke wake nimenyamaza kama sikuwepo. Basi leo naieleza mimi, Chamima, na sikuhadithiwa. Nimeijua kwa shingo yangu mwenyewe.

Mume wangu anaitwa Sufo. Kazi yake ni uchukuzi bandarini. Bandari yetu ni ndogo, mzigo mwingi unashuka kwa mabega ya watu, saruji, mchele, sukari, chochote kilichokuja. Sufo si mrefu. Ana miguu mifupi, kifua kipana, na mikono ambayo ukiiona peke yake utadhani ni ya mtu mwingine mkubwa zaidi. Bega lake la kushoto liliteguka akiwa kijana na halikupona sawasawa, kwa hiyo wakati wenzake wanatupia mfuko begani, yeye huukumbatia kifuani, mkono wa kulia umeuzunguka na wa kushoto umekuja kuukaza ule wa kulia. Wenzake walikuwa wakimwambia anabeba saruji kama bwana harusi. Hakuwajibu. Sufo hajibu watu, na mimi niliolewa naye nikijua hivyo.

Tulikuwa tunakaa kwetu. Kwetu mwanamume akioa huanza kwa kuhamia kwa watu wa mke, anakaa humo, anasaidia, mpaka aonekane ana uwezo wa kusimamisha nyumba yake. Wengine huondoka upesi. Sisi tulikaa, tukakaa tena, tukazeekea kwenye chumba kile cha uani ambacho mlango wake ulikuwa pazia. Mwenye ua alikuwa mjomba wangu Chamsudine, mdogo wake mama, kitinda mimba wa bibi. Umri wake na wa Sufo ni mmoja, pengine Sufo amemzidi. Lakini umri hauna neno hapo. Mjomba ndiye aliyepokea posa yangu, mjomba ndiye aliyenitoa, kwa hiyo mjomba ndiye mkwe.

Na mkwe kwetu si mtu wa mchezo. Mkwe akipita, unachutama. Humtazami usoni, huketi naye mkeka mmoja, huli naye sahani moja, na kumgusa mwili, hasa kichwa na shingo, ni jambo la aibu ambalo watu watalisimulia hata ukishakufa. Siku hizi vijana wanapunguza punguza, wanachutama nusu, wanaangalia simu. Sufo hakupunguza hata kidogo. Mjomba alilijua hilo na alilifurahia. Nilikuwa namwona anakatiza uani bila shughuli yoyote, anakwenda mpaka kisimani, anarudi, ili tu amwone Sufo anachutama mara mbili. Akitaka kuni anamwambia bibi, "Mwambieni mkwe," na mkwe yuko pale pale anasikia. Paa la mjomba alilitengeneza Sufo. Shimo la choo cha mjomba alilichimba Sufo. Mimi nilikuwa sitaki dhahabu wala nguo za Zanzibar. Nilitaka mlango wa mbao, wenye komeo, niufunge kwa ndani.

Gesi ilipopatikana baharini upande wa Palma, kaskazini mwetu hapa Msumbiji, mji wetu ulijaa wageni. Nyumba za kulala wageni zilijaa, kodi zikapanda, samaki mzuri akawa haonekani sokoni kwa kuwa ameshaagizwa na majiko ya makampuni. Tuliambiwa kazi zinakuja, na kweli zilikuja, ila zilikuja na watu wake ndani. Sisi tuliwafulia nguo na kuwauzia machungwa.

Mmoja katika wageni hao alikuwa Mbrazili, Narciso, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mnene mwenye masikio yaliyovimba na kukunjamana. Kireno chake kilikuwa kama anaimba. Huyo hakwenda baa. Aliomba ghala moja tupu karibu na bandari, akatandika magodoro ya zamani chini, akayafunika kwa turubai akalivuta likakazika, akaanza kufundisha vijana mchezo wa kwao, jiu-jitsu. Wakamwita mestre, mwalimu kwa Kireno. Nilidhani ni karate, ngumi na makelele. Sivyo. Katika mchezo ule hampigani ngumi. Mnakamatana, mnaangushana, mnagaagaa chini mmoja akitafuta mahali ambapo mwenzake hawezi tena kujitoa, kisha anammaliza, kwa kumkunja mkono, au mguu, au kwa kumkaba shingo. Aliyekamatika anapigapiga kiganja juu ya mwenzake, pa pa, na mwenzake anaachia. Vijana wetu wakakuita huko kubisha, kama mtu anayebisha mlangoni.

Na kwenye kubisha mestre hakuwa na mzaha. Mtu akibisha unaachia pumzi ile ile, si inayofuata. Kijana mmoja alimkunja mkono Custódio, yule mtu wa Diaca anayeuza muhogo, Custódio akabisha, kijana akaongeza kidogo ili watu wacheke. Mestre alimwinua kwa ukosi akamtoa nje, na viatu vyake vikamfuata, na tangu siku hiyo hakumruhusu tena kuingia. Aliwaambia waliobaki kwamba mtu anayekupa shingo yake ujifunzie amekupa amana.

Sufo alifika pale kwa sababu ya saruji. Mestre alikuwa bandarini akisubiri vyuma vyake, akamwona anavyoukumbatia mfuko, akacheka peke yake, akamfuata. Akamwambia kwamba kule kwao ule mshiko una jina, wanauita mata-leão, kwa maana unaua simba, na kwamba yeye alihangaika miaka kuupata vile ambavyo mchukuzi huyu anaufanya siku nzima bila kujua. Jioni ile Sufo alirudi nyumbani na turubai limemchubua viwiko, anatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo tangu harusi.

Vijana wengine walitaka kujua kila kitu. Leo wanaona hila kwenye simu, kesho wanataka kuijaribu, keshokutwa nyingine. Mestre alikuwa anawaambia kwamba mtu mwenye hila nyingi ni mtu asiye na hata moja. Alimshika kila mmoja mikono na miguu kama anayenunua mbuzi, akamchagulia. Custódio ana miguu mirefu, akaambiwa ajifunze kumfunga mtu shingo na bega kwa miguu. Sufo kwa miguu yake ile hakuweza kumfunga hata kuku. Na kuning'inia kwenye mkono wa mtu kuukunja, bega lake la kushoto lisingekubali. Basi yeye akaambiwa shingo. Shingo ya mbele, shingo ya nyuma, kwa mkono, kwa ukosi wa nguo, lakini shingo. Chagua mwisho wako, mestre alimwambia, halafu kila njia unayoijua uipeleke pale.

Hapo ndipo mimi nilipoingia. Ghalani alikuwa akifanya mazoezi na wanaume, lakini nyumbani alikuwa na mimi tu. Nilikuwa naketi chini nimempa mgongo, ananizungushia miguu yake mifupi, visigino ndani ya mapaja yangu, anaupitisha mkono wa kulia chini ya kidevu changu mpaka kiganja kinashika mkono wake wa kushoto, na kiganja cha kushoto kinakwenda nyuma ya kichwa changu. Halafu anavuta pumzi na kifua kinajaa. Anachokifanya ni hicho tu. Hakuna maumivu, usidanganyike. Masikio yanajaa sauti ya maji, na mwanga wa mlangoni unaanza kusogea mbali. Nampigapiga pajani, pa pa, anaachia, na mwanga unarudi. Mara ya kwanza nililia kwa hofu, na yeye akaapa kwamba hatanigusa tena. Nikamwambia asiwe mjinga, alete mkono.

Nikawa mbishi ili ajifunze. Nilikuwa nabana kidevu kifuani kama mbuzi anayekataa dawa, naye akajifunza kusubiri bila kulazimisha, maana mtu akibana kidevu atachoka tu. Nilikuwa namvuta mkono, akajifunza kuubadili upande kabla sijaushika vizuri. Nilikuwa nageuka kumkabili, akajifunza kunipokea kwa mbele kwa ukosi. Nguo yake ya mazoezi, kimono, niliishona mimi kwa magunia ya unga wa ngano, ukosi nikaupiga mishono mingi usichanike. Majirani waliposikia ninakohoa usiku na mchana walimtuma bibi aje kuuliza kama Sufo ananipiga. Tulicheka mpaka tukalala chini. Zile ndizo zilizokuwa siku zetu.

Niliwahi kumwambia ajifunze na mkono kidogo, akiba, maana huwezi kujua. Akasema akijifunza na mkono atakuwa na viwili vibovu badala ya kimoja kizuri. Na ilikuwa kweli. Ulipoingia mwaka wa pili, hata Custódio ambaye alikuwa amezoea kumshinda, akimruhusu Sufo afike mgongoni kwake tu, alibisha mapema ili ajipumzikie. Mtu mwenye bega bovu na miguu mifupi, na hakuna shingo Mocímboa iliyokuwa salama kwake.

Isipokuwa moja. Maana mjomba Chamsudine naye alijiunga. Aliona wakubwa wa makampuni wanakuja jioni kutazama, wengine wanajifunza, na mjomba ni mtu ambaye pua yake inanusa mkubwa aliko. Nitasema haki: alikuwa mwepesi, na alijifunza vizuri. Alichagua mkono. Alikuwa akiudaka mkono wa mtu anajirusha chini nao, na mtu anabisha kabla hajajua kilichompata. Ila yeye na Sufo hawakukamatana hata siku moja. Vijana walimweleza mestre kwamba wale ni mkwe na mkwe, haiwezekani, ni haramu ya mila. Mestre hakuelewa sana lakini aliheshimu. Akawa anawapanga mbali. Mjomba akiwa kwenye magodoro, Sufo alikuwa anashuka, anachutama pembeni, anatazama sakafu. Kwa hiyo Sufo hakuwahi kumwona mjomba anavyocheza. Mjomba hakuwa na sababu ya kutazama sakafu. Mjomba alikuwa anamtazama Sufo muda wote ule.

Kazi ya mestre ilipokaribia kwisha, ikaja habari. Kampuni ya walinzi wa kambi ya gesi ilitaka mtu wa kuwafundisha walinzi wake jinsi ya kumdhibiti mtu bila kumpiga. Walimwomba mestre awape mwanafunzi wake mmoja. Mkubwa wao angekuja kuwatazama wakishindana, na atakayeshinda ndiye. Kazi yenyewe ilikuwa Palma, na ilikuwa na nyumba. Mestre alimwambia Sufo pembeni kwamba kwa anavyoona yeye, nyumba ile ni yake. Sufo alinihadithia huku anakula, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mimi sikuweza kula. Nilimuuliza kama nyumba ina mlango wa mbao. Akasema ina milango miwili.

Siku yenyewe wanawake tulisimama mlangoni mwa ghala. Mkubwa wa kampuni alikalia kiti cha plastiki, miwani ya jua machoni humo humo ndani. Walikuwa wanne. Sufo alikutana na Custódio, na Custódio masikini alijitahidi, lakini alifikiwa mgongoni akabisha, wakakumbatiana. Mjomba alimkunja mkono mwenzake haraka sana. Wakabaki wawili, mkwe na mkwe. Nikajua mestre atasimama aseme haiwezekani, atatafuta njia nyingine. Mestre akamtazama mjomba, mjomba akatikisa kichwa kukubali, na mestre akawaita wote wawili kwenye magodoro.

Watu walinung'unika. Sufo alimtazama mestre, halafu akageuka akanitazama mimi. Nilimwonyesha kwa kichwa: nenda. Nilikuwa nauona ule mlango. Alipanda godoroni akaanza kwa kuchutama mbele ya mkwe, watu wakacheka, na mkubwa wa kampuni akauliza kinachochekesha ni nini.

Walipoanza, Sufo alikuwa kama mtu aliyelala. Alikuwa akimshika mjomba kwa ncha za vidole. Lakini mwili wake ulikuwa umejifunza mambo miaka miwili na haukumsubiri yeye. Mjomba alijirusha kudaka mkono, akakosa, akageuka ili ainuke, na pale pale visigino vya Sufo vikaingia, mkono wa kulia ukapita chini ya kidevu, kiganja kikashika mkono wa kushoto. Nilijua kilichobaki. Ilibaki pumzi moja tu, na mimi nikaivuta kwa niaba yake pale mlangoni.

Mjomba hakubisha wala hakumvuta mkono. Aligeuza uso kidogo akasema polepole, na Sufo alinihadithia baadaye alivyosema:

"Mkwe. Ni mimi unayenikaba hivi?"

Mkono wa Sufo ukafunguka. Niliuona kwa macho yangu unafunguka, kama mtu aliyegundua ameshika kitu kisicho chake. Na hapo mjomba aligeuka kama nyoka, akaudaka mkono wa kushoto, wa bega lile bovu, ambalo alilijua ni bovu kwa kuwa aliishi na sisi, alikuwa akiniona ninavyolikanda kwa mafuta ya moto kila jioni. Akajirusha nalo. Sufo alibisha, mjomba akaachia kwa sheria kabisa, lakini bega lilikuwa limeshatoka. Mkubwa wa kampuni akapiga makofi.

Nyumbani nilisema. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Nilimuuliza kama mkwe ndiye atakayenilalisha ndani ya nyumba, kama mkwe ndiye atakayenijengea, kwa nini aliusoma mchezo wa shingo kama kuna shingo haziguswi. Alikuwa amefungwa mkono kwa kanga yangu. Aliniacha nimalize, akasema kwamba ile ni shingo ya mkwe, na kwamba isingewezekana. Halafu akalala akanipa mgongo.

Mestre alikuja kuaga. Aliketi kwenye kigoda chetu, akalitazama lile bega, na akauliza kwa Kireno, taratibu, akimtafutia Sufo maneno mepesi. Akauliza kwa nini aliachia, wakati mkwe wake alishatoa ruhusa.

"Ruhusa gani?" nikauliza mimi.

Basi akatueleza. Asubuhi ya siku ile Chamsudine alimfuata nyumbani kwake akamwambia familia imekaa na imezungumza, yeye kama mkwe ameondoa haya, Sufo amepewa ruhusa, wanaweza kukamatana kama watu wengine. Na jambo hilo kwetu lipo. Mkwe anaweza kuondoa haya. Analisema mbele ya watu, anatoa kitambaa kipya anampa mwenzake, na tangu hapo mnaweza kuketi mkeka mmoja. Custódio alikuwa ameshamweleza mestre kwamba mila hiyo ipo, kwa hiyo aliposikia aliamini, hata akafurahi kwamba tatizo limekwisha. Alidhani Sufo anajua.

Sufo aliviangalia viganja vyake. Akasema, "Hakuniambia."

Mestre alijishika kichwa. Alikuwa ameshamwendea yule mkubwa mara moja kumwambia kwamba Sufo ndiye bora, na mkubwa alimjibu kwamba yeye ameona kwa macho yake nani aliyebisha. Kesho yake Narciso aliondoka. Magodoro aliwaachia vijana, na vijana wakagawana, kila mtu akaenda kulalia lake.

Nilitaka kwenda kwa wazee wa mji. Nilivaa kabisa, nikajitanda. Bibi akasimama njiani, akasema mambo ya mkwe na mkwe hayatolewi nje ya ua, na kwamba Chamsudine akipata, tumepata sote. Tumepata nini? Sufo naye akasema niache. Kwa miezi mingi hakuweza kubeba, akakaa bandarini anahesabia wenzake mifuko. Aliyekuwa akiikumbatia saruji kama bwana harusi akawa anaangalia wengine wanavyoibeba. Na mjini wakampa lile jina lao.

Mjomba alirudi likizo kutoka Palma baada ya Ramadhani. Shati la kampuni, viatu vya kampuni, sauti ya kampuni pia. Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka kuswali, majirani wamejaa uani kumpokea. Mimi niko jikoni nampikia, maana ni mjomba wangu, ningefanyaje. Nikasikia anamwuliza bibi mkwe yuko wapi. Sufo alikuwa pale pale, amechutama karibu na pipa la maji.

Mjomba alieleza, bila haya, watu wote wanasikia. Kule kambini kulitokea neno. Alikuwa amewafundisha walinzi kukunja mkono, na mlinzi mmoja amemvunja mkono kibarua. Wakubwa wamekasirika. Wanataka walinzi wafundishwe ile ya shingo, mtu analegea taratibu, anakaa chini, haumii. Wamempa likizo hii, akirudi awe anaijua. Akafungua mfuko wake akatoa kitambaa kipya, kikoi, kimekunjwa vizuri, na karatasi ya duka bado iko juu yake. Akakinyoosha kwa mikono miwili.

"Mkwe, mbele ya watu hawa nimeondoa haya," akasema. "Shingo yangu hii hapa. Nifundishe."

Nilitoka jikoni na upawa mkononi. Kumbe alikuwa anaijua njia. Alikuwa anaijua hatua kwa hatua, na kitambaa, na mashahidi, na maneno yenyewe. Kikoi kimoja tu. Nikamtazama Sufo nikimwomba kwa macho akatae, nimwone akikataa kitu mara moja katika maisha yake. Lakini mkwe ameomba jambo mbele ya watu, na kitambaa kimetolewa. Sufo akanyanyuka, akakipokea, akaketi kwenye mkeka wetu nyuma ya mjomba.

Akamfundisha. Hakumficha hata kitu, na hilo ndilo lililonimaliza. Alimwonyesha visigino vinapokaa, kiwiko kinapoelekea, kifua kinavyojaa. Akamwambia mtu akibana kidevu usilazimishe, subiri. Akamwambia akikuvuta mkono, badili kabla hajaushika. Akigeuka, mpokee kwa ukosi. Yote yale alikuwa ameyapata kwangu, kwenye chumba kile cha pazia, kwenye kikohozi changu na machozi yangu ya siku ya kwanza, na sasa anayatoa uani kama mtu anayegawa maji. Sauti yake ilikuwa ya upole ule ule aliokuwa akisema na mimi. Halafu akasema, "Sasa nabana," akavuta pumzi, na kifua kikajaa.

Niliuona mshipa wa mjomba umesimama. Niliona macho yake yanautafuta mwanga, na najua unakwenda wapi ule mwanga. Mkono wake ukainuka, ukampigapiga Sufo pajani, pa pa, pale pale nilipokuwa nikimpiga mimi.

Sufo akaachia, pumzi ile ile, kama alivyofundishwa. Mara ya kwanza aliachia kwa kuwa yeye ni mkwe, na safari hii kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa Narciso. Mjomba akakohoa, akajipangusa mate, akaiweka shingo yake sawa.

"Tena," akasema.

Na Sufo akaupitisha mkono tena. Mimi si mkwe wa Chamsudine, wala sijawahi kukanyaga magodoro ya mestre. Mimi nisingeachia.